Maharage ya milimani na ya bondeni: kwa nini mbegu moja huzaa tofauti?

Wasikilizaji wetu wa bondeni hutuuliza sana: maharage yamestawi, yamechanua vizuri, mbona maganda ni machache? Mara nyingi tatizo si uvivu wala udongo. Ni joto.

Maharage hupenda ubaridi wa wastani. Hufanya vizuri zaidi kati ya mita 1,000 na 2,000 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana Mbeya, Njombe na Lushoto huyalima kwa wingi. Mchana ukizidi nyuzi joto 30, na usiku usiposhuka chini ya 20, chavua, yaani ule unga wa maua, hudhoofika. Maua hupukutika kabla ya kushika maganda. Majani yanabaki ya kijani, na mkulima anadhani mambo ni mazuri.

Milimani
Zao hukomaa polepole, hivyo punje hupata muda wa kujaa. Ila ubaridi na mvua huleta magonjwa kama kutu na madoa ya majani. Mvua ikikuta maharage yamekauka shambani, punje huota au kuoza ndani ya maganda.

Bondeni
Zao hukomaa haraka, lakini punje huweza kuwa ndogo au kusinyaa. Ghalani nako, joto huwafanya fukusi wazaliane upesi. Na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva: kuni zinaisha, chungu bado.

Ufanye nini ukiwa bondeni?
• Usinunue mbegu kwa kuvutiwa na punje nono zilizoshushwa kutoka milimani. Muulize afisa ugani aina inayofaa mwinuko wa kwenu.
• Panga siku ya kupanda ili maua yatoke miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kama shamba lina unyevu au maji ya kumwagilia.
• Kausha vizuri, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mahali penye ubaridi.
• Kama joto halipungui, fikiria kunde, choroko au mbaazi. Hizi huvumilia joto kuliko maharage.

Kabla ya kununua mbegu msimu ujao, tunakushauri uulize swali moja tu: imezoea hali ya hewa ya wapi?