Kuhifadhi Namba ya Poti Kwenye Ruta Kunavyonusuru Simu za Intaneti

Simu ya intaneti huweza kuita na kupokelewa, kisha upande mmoja usisikie lolote. Mara nyingi kasoro haipo kwenye simu yenyewe, bali katika namna ruta inavyobadilisha anwani za mtandao.

Utaratibu huo, ujulikanao kwa kifupi kama NAT, ulielezwa kitaalamu mwaka 1994 kutokana na uhaba wa anwani za IPv4, ambazo jumla yake ni takribani bilioni 4.3. Kwa njia hiyo, vifaa vingi vyenye anwani za ndani hutoka nje kwa anwani moja ya umma.

Pakiti nyingi za mawasiliano hubeba pia namba ya poti, isiyozidi 65535, mithili ya namba ya chumba katika jengo kubwa. Ruta inapobadilisha namba hiyo, programu nyingi hazidhuriki, kwa kuwa majibu hurejeshwa kwa kufuata jedwali la ruta. Hali ni tofauti kwa simu ya SIP iliyowekewa anwani ya umma. Simu hiyo hutaja ndani ya ujumbe wake poti itakayopokelea sauti. Ruta ikitumia poti nyingine, sauti hufika mahali pasipo na mpokeaji na kutupwa.

Suluhisho ni kuielekeza ruta ihifadhi poti asilia. Katika OpenBSD, neno "static-port" huongezwa kwenye kanuni ya NAT. Katika Linux, poti huhifadhiwa kwa kawaida iwapo haijatumika, mradi fundi hajaamuru poti zichaguliwe kwa nasibu.

Tahadhari ni muhimu. Vifaa viwili vikitumia poti moja kuelekea seva moja, kimoja kitakosa mawasiliano au kitabadilishiwa poti. Hivyo, kila simu ipewe kundi lake, kwa mfano 10000 hadi 10099 na 10100 hadi 10199, na kanuni hiyo ihusu simu pekee.

Aidha, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 unataka kumbukumbu za UDP kwenye ruta zisifutwe kabla ya dakika 2 kwa mawasiliano ya kawaida.

Baada ya marekebisho, mafundi wanashauriwa kulinganisha pakiti ndani na nje ya ruta. Namba ya poti ikilingana pande zote mbili, usanidi umefanikiwa.