Kupimwa Presha ya Ini: Je, Utaumia?

Mgonjwa wa ini akiambiwa aende hospitali kubwa kupimwa presha ya mshipa wa ini, swali la kwanza ni hili: nitaumia? Wengine huogopa hata wakabaki nyumbani. Basi tueleze.

Pombe nyingi, au homa ya ini aina ya B au C, huweza kujaza ini makovu. Ugonjwa huu huitwa sirosisi. Damu inayotoka tumboni hukwama, kama maji kwenye mfereji ulioziba. Presha hupanda, mishipa ya koo huvimba, na siku moja mtu anatapika damu. Ini zima huwa na presha ya 1 hadi 5. Ikifika 10, mishipa inaweza kuvimba. Ikifika 12, inaweza kupasuka. Ni heri kujua mapema, kwa sababu dawa za kushusha presha hiyo zipo.

Daktari hudunga sindano ya ganzi, mara nyingi shingoni. Hiyo inauma kidogo, kama kuumwa na siafu. Halafu hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa hadi kwenye ini. Hapo utasikia kusukumwa tu. Kibofu kidogo kwenye ncha ya mpira hupulizwa kuziba mshipa, presha isomwe, kisha hulegezwa isomwe tena. Tofauti ya hizo mbili ndiyo jibu.

Mbona usilazwe usingizi kabisa? Kwa sababu dawa nzito za usingizi hubadilisha presha yenyewe, na jibu likawa la uongo. Tena ini bovu hukawia kuondoa dawa mwilini, na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa. Mwenye woga mwingi anaweza kupewa midazolamu kidogo, ambayo haiharibu kipimo. Uko macho, kwa hivyo ukisikia uchungu, sema! Usivumilie kimya.

Na huko nyumbani? Jamani, tusimpe mgonjwa wa ini diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini za dukani. Hudhuru figo na kuongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli inafaa, lakini isizidi gramu 2 kwa siku, yaani tembe 4 za miligramu 500, na daktari aulizwe kwanza.

Ya kujadili kikundini:
1. Ni dawa gani za maumivu tunazonunua ovyo dukani?
2. Nani atamsindikiza mgonjwa wetu siku ya kipimo?