Historia ya gari ni mali: somo la Safari Rally kwa mwenye trekta Ufipa

MZEE mmoja, jirani yetu mjini Sumbawanga, alikuwa na Land Rover 109 iliyopandisha mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa kwa miaka mingi, enzi ambazo barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Alipofariki, wanawe waliamua kuiuza ili walipe ada za shule. Mnunuzi akaja, akaipenda, akaomba kadi. Kadi ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, ambaye hakuna aliyejua alikohamia. Namba ya injini iliyoandikwa pale haikulingana na ile iliyokuwa kwenye gari. Mnunuzi akatikisa kichwa, akataja bei ya chuma chakavu. Familia haikuwa na la kujibu.

Kisa hicho hunijia kila ninaposoma habari za magari ya zamani ya mashindano. Huko, gari kuukuu huweza kupanda bei kuliko jipya, na sababu kubwa ni kumbukumbu zake.

Mwezi Agosti 2018, huko Monterey, California, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 48 za Marekani. Ni kweli kwamba magari ya aina hiyo ni adimu, kwani kiwanda kilitengeneza 36 tu. Lakini wanunuzi hawakununua uadimu peke yake. Gari hilo lilijulikana kwa namba yake ya chesisi, 3413. Ilifahamika nani alilikimbiza katika mashindano ya kupanda milima ya Italia mwaka 1962, lilipita mikononi mwa nani baadaye, na kwamba injini na giaboksi yake bado ni zile za awali. Mtu aliyeliuza alikuwa amelinunua mwaka 2000, naye alitunza kumbukumbu zote alizozikuta.

Je, mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu? La hasha. Afrika Mashariki tunayo historia yetu.

Volvo ya mtumba iliyoshinda

Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati huo magari yaligawanywa katika madaraja kufuatana na bei yake dukani, ili mwenye gari la bei nafuu ashindane na wenzake. Njia ilikuwa ya mawe, vumbi na mito iliyofurika. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yalifika saba tena.

Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ya mtumba, iliyonunuliwa baada ya kutumiwa na timu ya kiwanda. Wengi wangeliita gari lililochoka. Joginder alikuwa fundi, akalijua kila nati, na akawaacha wenzake kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Baada ya hapo Peugeot ikawa gari la kuaminiwa na wafanyabiashara wengi nchini. Hapo tunaona kuwa historia ya gari moja inaweza kuuza mengine.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani. Katika soko hilo, Peugeot mbili zinazofanana kwa macho hazilingani bei. Yenye kadi ya awali, picha na majina ya madereva ni mali. Isiyo na chochote, mwenye nayo hubaki kuapa tu kwamba iliwahi kukimbia.

Gunia 100 zinapotelea wapi?

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, hupunguza bei kwa wote, wema na wabaya.

Tuchukue mfano. Pale Laela kuna matrekta mawili ya umri mmoja na rangi moja. Tuseme zuri lina thamani ya Sh20 milioni na bovu Sh10 milioni. Mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha atatoa Sh15 milioni kwa lolote. Mwenye trekta zuri anapoteza Sh5 milioni. Kama gunia la mahindi ni Sh50,000, hizo ni gunia 100 zilizopotea kwa kukosa daftari. Mbaya zaidi, wenye matrekta mazuri huamua kutouza, soko likabaki na mabovu, na bei ikashuka tena.

Ufanye nini?

Kwanza, ukinunua chombo, iwe trekta, Fuso au pikipiki, badilisha umiliki TRA mapema, wakati muuzaji bado anapatikana. Tunza mkataba wa mauziano na kadi halisi.

Pili, kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kadi. Ukibadilisha injini, hakikisha kumbukumbu za usajili nazo zinarekebishwa.

Tatu, anzisha daftari. Andika tarehe ya kumwaga oili, spea iliyofungwa, jina la fundi na ekari zilizolimwa. Bandika risiti humo. Kalamu na daftari havifiki bei ya debe la mahindi.

Nne, waonyeshe mkeo, mumeo na watoto karatasi zilipo. Mwenye mali akifariki, familia ifuate utaratibu wa mirathi mahakamani mapema, ili msimamizi awe na mamlaka ya kuuza.

Sisemi kwamba Land Rover yako itauzwa kwa mamilioni ya dola. Magari mengi makuukuu yatabaki makuukuu. Hata hivyo, siku mnunuzi atakapofika uani kwako na kuuliza chombo hiki kimetoka wapi, mwenye daftari atataja bei yake, na asiye nalo atatajiwa. Wale watoto wa jirani yetu wangekuwa na kadi yenye jina la baba yao, ada ingepatikana.