Bakteria wa Vidonda vya Tumbo: Wengi Wanaye, Wachache Huugua

Waamini wetu wa Handeni na Korogwe wanapoambiwa kwamba kipimo kimeonesha bakteria tumboni, wengi hushtuka kana kwamba wamepatwa na jambo geni. Si geni. Bakteria huyo, Helikobakta pilori, hukadiriwa kuishi katika matumbo ya takriban nusu ya wanadamu, na Afrika ni miongoni mwa sehemu alikoenea zaidi. Aghalabu huingia utotoni, ndani ya familia, hasa penye msongamano na uhaba wa maji safi. Wazee wa Handeni waliokulia maji ya malambo wataelewa.

Walio wengi hawaugui kamwe. Kati ya watu 100 walio naye, wataalamu hukadiria kuwa 10 hadi 20 hupata vidonda maishani, na 1 hadi 3 saratani ya tumbo. Kwa wagonjwa wa vidonda picha hugeuka. Barry Marshall na Robin Warren, waliomtambua huko Perth, Australia, mwaka 1982, walimkuta kwa wagonjwa wao wote wenye vidonda vya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na kwa wengi wenye vidonda vya tumbo lenyewe. Waliosalia, mara nyingi kisa ni dawa za maumivu: aspirini na diklofenaki, ambazo wazee wenye maumivu ya viungo huzimeza kila siku.

Kinachotusikitisha ni fedha zinazopotea. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, nazo hudumu miezi mingi hata baada ya bakteria kufa. Aliyekwisha kupona akipimwa damu tena, huambiwa bado anaye, akanunua dozi ya pili na ya tatu. Ni afadhali kuomba kipimo cha choo, au cha pumzi kinapopatikana, baada ya kuacha omeprazo kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4. Dozi ovyo huzaa usugu pia: katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wamekuta bakteria wasiosikia klarithromaisini.

Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje kipimo chochote. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Na aliye katika matibabu wakati wa Kwaresima asijilazimishe kufunga, kwani ugonjwa humwondolea wajibu huo.