Kipande cha pua, goti jipya

Ukikaa asubuhi kwenye banda lolote la supu ya makongoro Dar es Salaam, hukosi mzee aliyeambiwa kwamba magoti yake yameisha mafuta. Wa kwanza kamshauri bamia, wa pili kongoro. Basi anatafuna kile cheupe kinacholia chini ya meno, akiamini kitashuka hadi gotini. Hicho ni gegedu, na ni kweli gegedu ndilo lililomwishia. Ila tumbo halina barabara ya kwenda gotini. Hulisaga gegedu kama lisagavyo maharage.

Gegedu la goti ni tabaka la milimita chache tu, linateleza kuliko barafu, na sehemu yake kubwa ni maji yaliyonaswa ndani ya nyuzi za kolajeni. Halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu huleta mafundi wa kuziba. Gegedu likichimbika, hakuna anayefika. William Hunter, tabibu wa London, aliliandika hilo mwaka 1743: likishaharibika halirudi.

Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Sweden, wakiwamo Mats Brittberg na Lars Peterson, walitoa taarifa ya wagonjwa 23 waliochimbika gegedu la goti. Walimega kipande kidogo cha gegedu zima, wakazitenga seli zake na kuzizalisha maabara kwa wiki mbili tatu, kisha wakazidunga ndani ya shimo na kulifunika kwa kiraka cha ngozi ya mfupa. Kati ya 16 waliokuwa na shimo kwenye mfupa wa paja, 14 walipata nafuu nzuri. Kati ya 7 walioumia nyuma ya pia ya goti, ni 2 tu.

Tatizo moja liko kwenye seli zenyewe. Ukizilaza kwenye sahani bapa ili ziongezeke, zinasahau kazi. Hujinyoosha, zikaanza kutengeneza kolajeni ya aina inayopatikana kwenye kovu. Mwaka 1982 watafiti Benya na Shaffer walizichukua seli za sungura zilizosahau hivyo, wakazizamisha ndani ya jeli, nazo zikarudia umbo la duara na kuanza upya kutengeneza kolajeni ya gegedu. Kumbe seli inataka kuzungukwa, siyo kulazwa!

Ndiyo maana siku hizi seli haziingizwi gotini zikiwa peke yake. Matibabu ya MACI, yaliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, huzipanda kwenye utando wa kolajeni. Daktari huukata utando huo kwa umbo la shimo na kuubandika kwa gundi itokanayo na damu. Kolajeni hiyo ni ya nguruwe. Kwetu Pwani swali la halali na haramu litaulizwa tu, na mgonjwa anastahili kujibiwa kabla hajapanda kitandani.

Walionishangaza zaidi ni wa Basel, Uswisi. Timu ya Ivan Martin ilimega kipande cha milimita 6 kutoka kwenye ukuta unaogawanya matundu ya pua, seli zake zikazalishwa, zikapandwa kwenye utando na kuachwa hadi zijijengee gegedu lao wenyewe. Baada ya wiki nne hivi likahamishiwa gotini. Taarifa ya wagonjwa 10 wa kwanza ilitoka mwaka 2016. Faida yake ni kwamba goti bovu halichokolewi mara mbili, na seli za pua, hata za mtu mzima, huzaliana vizuri na kuizoea kazi ya goti.

Wagonjwa hao walikuwa na miaka 18 hadi 55, na kidonda chao kilikuwa shimo lenye mipaka, la mtu aliyeumia uwanjani, tuseme. Baada ya upasuaji kuna magongo, kisha miezi ya mazoezi. Mzee wetu wa bandani goti lake limesagika pande zote, utando huo hauna pa kushika. Yake ni kupunguza uzito, kuimarisha misuli ya paja, dawa ya maumivu, na ikizidi, goti la chuma na plastiki. Kongoro aendelee kunywa, tena na ndimu na pilipili. Tamu ile.