Chrono Trigger: mashine mpya, mchezo uleule, mwendo wa pole

Mchezo wa video Chrono Trigger ulitoka Japani tarehe 11 mwezi wa tatu 1995, kwa mashine Super Famicom ya Nintendo. Ndani yake, kijana Crono na wenzake wanasafiri toka zamani hadi wakati ujao, ili wazuie jitu Lavos lisiharibu dunia mwaka 1999. Sura za wahusika zilichorwa na Akira Toriyama, yule wa Dragon Ball.

Mwaka huohuo wa 1999, kampuni Square iliuleta kwa PlayStation. Kaseti ya kwanza ilibeba megabaiti 4 tu. Diski ya CD inabeba zaidi ya 600. Nafasi ilikuwepo, na vipande vya katuni vikaongezwa.

Lakini mwendo ulipungua. Kaseti ina chipu ambazo mashine inazisoma mara moja. Diski, yenyewe, lazima izunguke huku lezeri ikitafuta mahali pa kusoma. Basi kuanza pigano, na hata kufungua orodha ya vifaa, kukawa kungoja. Mashine yenye nguvu zaidi ikafanya mchezo kuwa mzito.

Ulaya haikuuziwa hata toleo hilo. Mchezo ulifika huko mwaka 2009, kwa Nintendo DS, mashine ndogo ya mkononi. Hapo ndipo wasomaji wa Kifaransa walipoupata rasmi kwa lugha yao, miaka 14 baada ya Wajapani. DS ilirudia kaseti: katuni zilibaki, kungoja kukaisha.