Uwanja Ulio Katikati ya Nyumba: Panorama ya Eastlands kwa Simu na Kamera Ndogo

Picha ya mlango mmoja wa Kaloleni haikuelezi mtaa wa Kaloleni. Nyumba zake ni ndogo, za mawe, zenye paa la vigae, na ukipiga moja peke yake hutaelewa kwa nini waliokulia pale husema walilelewa na mtaa mzima. Jibu liko nje ya nyumba. Serikali ya manispaa ilipoujenga mtaa huo miaka ya 1940, ilifuata mpango wa miji ya bustani uliotoka Uingereza: ukumbi katikati, huduma za jamii karibu nao, na nyumba zikizunguka viwanja vya nyasi. Katika ukumbi huo ilifanyika mikutano mikubwa ya siasa kabla ya uhuru. Watoto walicheza mpira viwanjani, nguo zikaanikwa huko huko, matanga yakakaliwa huko huko. Uwanja ndio mtaa, na uwanja hauenei katika fremu moja ya simu.

Kwa sababu hiyo naiona panorama kuwa picha inayoifaa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuliko nyingine yoyote. Jericho, Maringo na Bahati zimepangwa kwa safu zinazotazamana. Buruburu, iliyoanza kujengwa 1973 na kuendelea kwa awamu 5, imegawanywa katika makundi ya nyumba yenye uwazi wake katikati. Hata Dandora, iliyoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1975 ikiwa na viwanja vya kujengea vipatavyo 6,000, ina nyua za pamoja ambazo vijana wa mtaa wamezigeuza bustani. Uwazi huo huo ndio unaoliwa kwanza na majengo mapya. Umoja ya leo ni magorofa yaliyopanda juu ya nyumba za chini za miaka ya 1970. Pangani ya zamani ilibomolewa na minara ikasimama mahali pake. Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, umeingizwa katika mpango wa nyumba za bei nafuu, na mitaa mingine ya zamani ya jiji imo katika mipango ya kujengwa upya. Anayetaka kumbukumbu ya viwanja hivyo aipige sasa, tena aipige vizuri.

Tuanze na panorama iliyomo ndani ya simu yenyewe. Sony waliitia katika kamera zao ndogo mwaka 2009; Android 4.0 ikaipokea 2011, na simu za Apple 2012. Unapoizungusha simu, haipigi picha nzima moja baada ya nyingine. Inachukua ukanda mwembamba wa katikati ya kile inachokiona na kuuunga na ukanda uliotangulia, hadi umalize mzunguko. Ni njia ya haraka, na kwa uwanja mpana usio na msongamano inatosha kabisa.

Udhaifu wake ni kwamba kila ukanda una sekunde yake. Matatu inayopita Jogoo Road kuelekea upande uleule unaozungusha simu itatoka imerefuka kupita kiasi. Ikija upande wa pili itatoka imefinyika, magurudumu yamekaribiana. Mtoto anayekimbia sambamba na simu anaweza kuonekana mara mbili. Tena simu nyingi hupunguza ukali wa picha ili kazi iende haraka, na namba ya nyumba iliyopakwa rangi mlangoni haisomeki tena. Kwa kumbukumbu ya kudumu, piga picha kamili kadhaa, kisha uziunge kwa programu baadaye.

Kabla ya kufikia programu kuna jambo moja ambalo likikosewa halirekebishiki, nalo ni mahali ilipo lenzi unapogeuka. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha lingine. Kidole kinaruka huku na huku na ukuta wa nyuma umetulia. Kamera nayo ni vivyo hivyo. Watu wengi hunyoosha mikono na kugeuza mwili, na lenzi inachora duara la karibu nusu mita kutoka kifuani. Ukigeuka hivyo digrii 33 kati ya picha na picha, lenzi imehama takriban sentimita 28. Nyumba iliyo mita 30 itaonekana kusogea nusu digrii, na hilo programu inalimudu. Lakini mlingoti wa stima ulio mita 2 kutoka kwako utasogea digrii 8. Hakuna programu itakayopatanisha mlingoti na nyumba zilizo nyuma yake. Kimoja lazima kikatike. Eastlands imejaa vitu vya karibu: milingoti, nyua za michongoma, vibanda vya mboga, kamba za nguo. Ndiyo maana panorama nyingi za kule zina milingoti iliyovunjika katikati na kuta zenye vidato.

Dawa yake ni wewe kuizunguka simu badala ya simu kukuzunguka wewe. Kitovu cha mzunguko kinapaswa kuwa lile tundu dogo jeusi unaloliona ukiitazama lenzi kwa mbele. Kwenye simu liko nyuma kidogo tu ya kioo. Kwenye kamera ndogo yenye lenzi inayochomoza, liko mbele ya mwili wa kamera. Chukua uzi, funga nati upande mmoja, na upande wa pili ubandike kwa selotepu chini ya lenzi. Weka alama ya chaki ardhini. Kila unapogeuka, hakikisha nati ining'inie juu ya alama ileile, miguu yako ndiyo itembee kuizunguka. Ukikosea sentimita 2 si neno. Wenye stendi ya miguu mitatu watafanya vizuri zaidi, lakini stendi huvuta macho ya watu, na mara nyingi uzi na nati vinatosha.

Simamisha simu wima, ili upate paa na ardhi pamoja. Tumia kamera kuu, si ile ya kuona pana zaidi, kwa sababu pembeni mwake mistari huvutika na hapo ndipo picha huungana. Lenzi kuu ya simu nyingi, ikisimama wima, inaona upana wa takriban digrii 50. Ukiacha theluthi moja ya kila picha irudiwe katika inayofuata, kila picha inakuongezea kama digrii 33. Nusu ya upeo ni picha 5. Mzunguko mzima ni 11. Piga moja au mbili za ziada, kwani pengo likibaki huwezi kulijaza ukiwa nyumbani. Simu iwe sawa na ardhi, isielekezwe juu wala chini: ukiiinua, kuta zitaegemeana na safu itapinda.

Kisha funga mwangaza. Simu ikiachwa ijiamulie, itang'arisha upande wa kivuli na kufifisha upande wa jua, na anga litatoka na mapande ya rangi tofauti. Shikilia kidole kwenye skrini, mahali penye mwanga wa wastani, hadi alama ya kufuli itokee. Kwenye kamera ndogo, tumia mpangilio wa mkono ikiwa upo, na rangi uifungie kwenye jua au mawingu, usiiache ijichagulie.

Mwanga wa Nairobi unahitaji maelezo yake. Jiji liko digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hukaa karibu kabisa utosini, na kivuli cha paa hufunika madirisha yote. Kati ya miezi hiyo miwili, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo kuta zinazotazama kaskazini ndizo hupata mwanga. Kuanzia Oktoba hadi Februari hugeuka, zikapata kuta zinazotazama kusini. Mtu anayeijua ramani ya mtaa wake anaweza kuchagua mwezi kabla ya kuchagua saa. Wengi hungoja jua. Mimi naipendelea Julai, wakati wingu moja la kijivu linatanda juu ya jiji asubuhi nzima na kila mtu amevaa sweta. Mwanga unakuwa sawa pande zote, uwanja hauna upande wa giza, na picha zote 11 zinafanana rangi. Kwa panorama hakuna mwanga bora kuliko huo.

Sasa kuunga. Programu ya Hugin hupatikana bila malipo kwa kompyuta za aina zote, na mizizi yake ni kazi aliyoianza Mjerumani Helmut Dersch mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko Kanada, Matthew Brown na David Lowe walionyesha mwaka 2003 jinsi kompyuta inavyoweza kutambua yenyewe picha zipi zinaungana. Inatafuta alama ndogo zisizobadilika hata picha ikigeuzwa, kama kona ya dirisha, herufi ya bango au ufa wa ukuta, kisha inazitafuta alama hizohizo katika picha jirani. Zikipatikana za kutosha, inajua simu iligeuka kiasi gani.

Mitaa yetu huihangaisha hesabu hiyo. Safu ya Jericho au Maringo ina madirisha yaliyojengwa kwa kipimo kimoja, rangi moja, umbali mmoja. Programu inaweza kuamini kwamba dirisha la nyumba ya tatu ni la nyumba ya nne, na safu nzima ikapungua nyumba moja bila kovu lolote. Kosa hili ni baya kuliko mlingoti uliokatika, maana halionekani. Hesabu milango katika picha, uilinganishe na ile uliyoihesabu ukiwa pale. Ikiwa imepungua, futa alama zilizowekwa na programu na uweke zako kwa mkono kwenye vitu visivyojirudia: ufa, doa la moshi, namba ya nyumba, maandishi ya duka. Usitegemee nguo zilizoanikwa. Zinatofautisha nyumba na nyumba, lakini upepo unazisogeza kati ya picha na picha.

Nyaya za stima zina tabu yake. Jicho la mtu husamehe mshono ukutani, ila waya uliokatika angani huonekana upesi. Hugin inakuruhusu kufunika sehemu ya picha usiyoitaka. Itumie kulazimisha mshono upite penye majani, ukuta au barabara. Njia hiyohiyo itamwondoa mpita njia aliyetokea mara mbili. Na usishangae safu iliyonyooka ikitoka imetuna katikati: uso uliokuzunguka umekunjuliwa ukawa bapa, na mstari ulio mbele yako lazima upinde. Ukisimama kwenye kona ya uwanja, mahali safu mbili zinapokutana, mpindo huo hausumbui sana.

Kwa safu ndefu inayopakana na njia nyembamba, kuzunguka mahali pamoja hakufai, maana nyumba za mwisho zitakuwa vijidoa. Hapo unatembea. Mwaka 1966 msanii wa Marekani Ed Ruscha alichapisha kitabu kinachokunjuka hadi zaidi ya mita 7, chenye kila jengo la sehemu maarufu ya barabara ya Sunset huko Los Angeles. Alizipiga picha hizo kamera ikiwa juu ya gari lililokuwa likitembea, kisha zikabandikwa moja kando ya nyingine. Sijui mtindo mwingine unaozifaa safu za Eastlands kuliko huo. Simama mita 6 kutoka ukutani, simu wima na sambamba na ukuta, na kila picha itachukua kama mita 5 na nusu. Songa mita 2 na nusu, piga tena, hadi mwisho wa safu. Kuta zitaungana vizuri kwa sababu ziko kwenye mstari mmoja. Miti na vibanda vilivyo mbele vitakatika, na hapo mshono unauchagua mwenyewe.

Juu ya paa la gorofa la Kayole au Umoja, mambo yote haya hulegea. Kila kitu kiko mbali, na mikono mitupu inatosha. Ombeni ruhusa kwa msimamizi wa ploti, na mpande baada ya mvua, vumbi likiwa limetua: Kilimambogo inaonekana upande mmoja, vilima vya Ngong upande wa pili. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kambi ya jeshi la anga iko hapo hapo Eastleigh, kwa hiyo afadhali ngazi.

Panorama ya uwanja huingia milangoni mwa watu wengi kwa mara moja, na mzunguko wa picha 11 huchukua dakika kadhaa ambazo wote wanakutazama. Salimia kwanza. Mama anayefua bombani na mzee aliyekaa kivulini waambiwe unachokifanya kabla simu haijainuliwa. Atakayekataa, ngoja ahame au uanze uwanja mwingine. Nenda na mwenyeji. Watoto watakuja kutazama, na njia rahisi ni kuwapiga picha yao wenyewe kwanza, uwaonyeshe, kisha uwaombe wakae nyuma yako.

Ukishaunga, usizifute picha za mwanzo. Programu za miaka ijayo zitaziunga vizuri kuliko za leo, na zile picha moja moja ndizo zenye namba za milango zinazosomeka. Ziweke katika folda moja pamoja na faili fupi ya maandishi: jina la mtaa, namba ya safu, tarehe, saa, na alama ya chaki ilikuwa mita ngapi kutoka kona gani ya jengo gani. Kwa maelezo hayo mtu mwingine anaweza kurudi baada ya mwaka, akasimama palepale na kuzunguka vilevile. WhatsApp isitumike kuzihamisha kama picha za kawaida, kwani huzibana. Zitume kama hati, au zinakili kwenye diski. Nakala moja ibaki kwa mtu anayeishi katika mtaa huo.